Moto Unaopanda Nyoyoni

Nyumbani kwa bibi, Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kulikuwa na kijitabu chenye picha nyingi kuliko maneno, na kwa sababu hiyo hata sisi tuliokuwa bado hatujui kusoma tulikielewa. Karibu kila ukurasa ulikuwa na moyo mmoja mkubwa, na juu yake uso wa mwenye moyo huo. Ndani ya moyo wa kwanza walijaa wanyama: tausi wa kiburi, beberu wa tamaa za mwili, nguruwe wa ulafi, kobe wa uvivu, chui wa hasira, nyoka wa husuda na chura wa uchoyo, na katikati yao alikaa Shetani akiwa ametulia kabisa, kama mwenye nyumba. Malaika alisimama nje. Katika kurasa zilizofuata nuru iliingia, wanyama wakageuza migongo na kukimbia, moyo ukabaki safi. Kisha ikaja picha iliyokuwa ikininyima usingizi, ambamo wanyama wale walikuwa njiani kurudi.

Picha hizo zina historia ndefu. Johannes Gossner alizitoa kwa Kijerumani mwaka 1812, wakati huo akiwa bado padri Mkatoliki wa Bavaria, kabla ya kuhamia kwa Walutheri na kuwa mchungaji mjini Berlin. Naye alikuwa amezirithi kutoka kijitabu cha Kifaransa cha zamani zaidi. Wamisionari walizibeba hadi Asia na Afrika, na katika matoleo yaliyotufikia sisi nyuso zilichorwa upya zikawa za Waafrika. Watu wengi wa rika langu waliolelewa makanisani wanazikumbuka, na wengi wao wanakumbuka hofu tu.

Mimi ninakumbuka zaidi mpangilio wake. Kitanda cha mauti, pamoja na mashetani yanayomsubiri mtu mwovu na malaika wanaompokea mtu mwema, vinakuja mwishoni kabisa, baada ya moyo kuoneshwa tena na tena katika hali zake mbalimbali. Anayekufa vibaya katika picha zile hakutani na mgeni yeyote. Wote wanaomzunguka kitandani ni wale aliowafuga mwenyewe miaka yote akiwa na afya, akienda shambani, akisali na kuimba. Huyo mchoraji, ambaye jina lake halikuwahi kunifikia, alikuwa anatuambia kwamba mbingu na Jehanamu huanza mapema sana, na kwamba zote mbili zina anwani moja, yaani moyo wa mtu aliye hai.

Hilo ndilo ninaloliamini na ndilo ninalotaka kuliandikia. Siandiki kupinga maisha ya baada ya kaburi, kwa kuwa ninayaamini. Ninaandika kwa sababu tumezoea kuzungumza juu ya moto na bustani kana kwamba ni mambo yanayotusubiri mbali sana, na mazoea hayo yanatufanya tushindwe kuuona moto unaotuunguza leo mchana, tukiwa tumekaa barazani, tukiwa tumevaa nguo safi.

Rafiki yangu wa utotoni alikuwa mtoto wa majirani zetu Waislamu, na aliporudi kutoka madrasa alikuwa akizirudia kwa sauti zile sura fupi za Juzuu Amma, sehemu ya mwisho ya Kurani. Nilizisikia bila kuzielewa. Nilipokuja kuzisoma kwa Kiswahili nikiwa mtu mzima, sura ya 104, Al-Humaza, ilinishika kuliko zote. Ina aya 9 tu. Inaanza kwa kumwonya msengenyaji anayewakebehi watu, ambaye amekusanya mali na kuihesabu, akidhani kwamba mali hiyo itambakisha milele. Kisha inasema kwamba atatupwa katika Hutama, na inapouliza Hutama ni nini, inajibu kwamba ni moto wa Mwenyezi Mungu uliowashwa, ambao unapanda nyoyoni.

Wenye elimu ya tafsiri watasema, na ni haki yao, kwamba aya hizo zinazungumzia adhabu ya Akhera. Sibishani nao. Ninachosema ni kwamba mtu anayeonywa na sura hiyo hajaua, hajabaka, wala hajachoma nyumba ya mtu. Dhambi zake ni za kukaa chini, kusema na kuhesabu. Ni dhambi ambazo mtu anaweza kuzifanya akiwa mgonjwa, akiwa mzee, akiwa hata ndani ya nyumba ya ibada, kwa kuwa kiungo chake kikuu ni moyo. Basi moto wake nao hauishii kwenye ngozi. Unakwenda moja kwa moja mpaka pale yalipotoka masengenyo na hesabu. Yeyote aliyewahi kulala usiku akipiga hesabu za mali ya mwenzake anaujua moto huo kwa kuuonja.

Wapo waliolisema jambo hili kabla yangu kwa uzito mkubwa. Ibn Taymiyya, mwanachuoni aliyefungwa mara kadhaa kwa sababu ya fatwa zake na akafia katika ngome ya Damascus mwaka 1328, ananukuliwa na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim akisema kwamba duniani kuna pepo, na asiyeiingia pepo hiyo hataiingia pepo ya Akhera. Alisema pia kwamba maadui zake hawana la kumfanya, kwa maana bustani yake imo kifuani mwake na huandamana naye kila aendako. Alikuwa mtu mkali, mwenye mijadala mikali, na mimi sikubaliani na mengi aliyoyafundisha. Lakini mtu aliyenyang'anywa hata kalamu na karatasi katika miezi yake ya mwisho gerezani, naye ndiye aliyesema bustani yake imo kifuani mwake, anastahili kusikilizwa. Karne kadhaa kabla yake, Isaka wa Ninawi, mtawa Mkristo aliyezaliwa katika nchi ya pwani ambayo leo ni ya Qatar na jirani zake, alifundisha kwamba wanaoteseka Jehanamu wanachapwa na upendo wenyewe: upendo uleule unaowafurahisha waliookoka unawachoma wale wanaojua kwamba waliukosea. Na mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaeleza mahujaji kwamba Jehanamu ni hali ya yule aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake, zaidi ya kuwa mahali fulani penye ramani.

Yesu mwenyewe alipoulizwa na Mafarisayo ufalme wa Mungu utakuja lini, aliwakatalia kuutafuta huku na kule. “Ufalme wa Mungu umo ndani yenu,” ndivyo inavyosomeka Luka 17:21 katika Biblia tuliyokua nayo. Nimesikia mahubiri mengi juu ya aya hiyo, na karibu yote yalikuwa ya faraja. Ni machache sana yaliyoendelea hadi upande wa pili wa jambo hilo, kwamba ndani hiyo hiyo ufalme mwingine nao unaweza kukaa.

Mimi niliuona ufalme huo wa pili ukikaa ndani ya mjomba wangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na watoto watatu wa kiume. Kwa mila yetu Wachagga, mtoto wa kwanza hupewa kihamba chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kitinda mimba hubaki katika nyumba ya baba na kuirithi pamoja na kihamba kinachoizunguka, kwa sababu ndiye anayewatunza wazee. Mtoto wa katikati hujitafutia. Zamani kujitafutia kulikuwa na maana, kwa kuwa palikuwa na msitu wa kufyeka juu au chini ya makazi. Siku hizi mlima umejaa, na mtoto wa katikati anayetaka kubaki nyumbani hupewa kipande chembamba kilichobaki, au aende tambarare kulima mahindi, au aende mjini. Mjomba wangu wa katikati alipewa kipande chembamba, chini ya nyumba ya mdogo wake, na kati yao babu alipanda mstari wa masale, mimea ya majani marefu, kuwa mpaka.

Babu alipofariki, mjomba alianza kusema kwamba masale yamesogezwa. Kitinda mimba alikana. Wazee wa ukoo walikuja, wakatazama, wakala, wakaondoka, na kila upande ukabaki na imani kwamba ndio ulioshinda. Tangu hapo ndugu hao hawakusalimiana.

Tulipokwenda nyumbani kila Desemba, nilimtazama mjomba kwa karibu, kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilikuwa nimefika umri wa kuelewa. Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hakuwa akiishi kwenye shamba lake mwenyewe. Mwili wake ulikuwa pale, lakini macho, masikio na mawazo yake vilikuwa ng'ambo ya masale. Alijua mdogo wake ameanika kahawa kiasi gani kwenye chanja, ng'ombe gani amezaa, maziwa yameongezeka au yamepungua, ndama ameuzwa kwa bei gani na nani aliyemnunua. Zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, ilipokuwa ya mdogo wake, mjomba aliamka usiku na kurunzi kwenda kuangalia kama hayakufunguliwa kabla ya saa yake. Maji hayo hayakuwa yake usiku ule. Aliyapotezea usingizi hata hivyo. Wakati huohuo mibuni yake mwenyewe ilikuwa imeshikwa na chulebuni, ugonjwa wa kahawa, haikupogolewa, haikupigwa dawa, na migomba ilikuwa imesongamana bila kupunguzwa machipukizi. Dirisha la chumba chake lililotazama uwanja wa mdogo wake alilipigilia mbao, akasema ni kwa sababu ya baridi.

Nililiona jambo lenyewe waziwazi siku ya kipaimara cha binti wa kitinda mimba. Familia nzima ilikuwapo, turubai limefungwa, kwaya ya vijana inaimba, na mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshaanza kuzungushwa kwenye kata. Mjomba alikuja, kwa kuwa watu wangesema asipokuja, lakini hakuingia chini ya turubai. Alisimama nyuma ya jiko, karibu na masufuria, ambako angeweza kusikia kila kitu bila kuonwa na mwenye sherehe. Mama yangu alimpelekea sahani ya chakula. Akaishika mkononi mpaka ikapoa. Kila vigelegele vilivyopigwa uwanjani vilimpitia usoni kama maumivu, na mtu yeyote angeyaona. Hakuna aliyemfukuza. Kiti chake kilikuwa kimewekwa, kwa sababu mama alihakikisha kimewekwa. Muziki uleule uliowafurahisha watu mia ulikuwa ukimtesa mtu mmoja, na tofauti yote ilikuwa kifuani mwake.

Tangu siku ile siwezi kuusoma mfano wa mwana mpotevu bila kumtazama kaka mkubwa. Tumemhubiri sana yule mdogo aliyekula mali na makahaba, akatamani maganda ya nguruwe, akarudi. Lakini mfano unaishia kwa yule aliyebaki, ambaye anatoka shambani jioni, anasikia ngoma na nyimbo, anauliza kuna nini, kisha anakasirika na kukataa kuingia ndani. Baba yake anatoka nje kumsihi. Anamwambia kwamba vyote alivyo navyo ni vyake. Na Luka haandiki kama aliingia. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya picha za kutisha zaidi za Jehanamu katika Biblia nzima, na haina moto hata kidogo. Mlango uko wazi na chakula kipo, baba mwenyewe amesimama gizani anabembeleza, na mtu hawezi kuingia kwa sababu furaha ya ndugu yake inamuuma kuliko njaa yake mwenyewe.

Hivi ndivyo ninavyoielewa kazi ya moto huo. Kwanza unamnyang'anya mtu mambo yake, kwa kuwa mawazo yake yote yanahamia kwa yule anayemchukia. Halafu unageuza ladha: baraka inakuwa tusi, salamu inakuwa kejeli, mvua iliyonyesha kwenye mashamba yote inakuwa imemnyeshea adui. Mwisho unamfanya mtu aupende. Hapa ndipo penye siri kubwa, nami sijui kama inaweza kuelezwa kikamilifu. Mjomba alipozungumza juu ya ule mpaka, uso wake ulichangamka. Alikuwa na ufasaha ambao hakuwa nao katika jambo lingine lolote. Kinyongo kilikuwa kimempa hadhi ya mdhulumiwa, nayo ni hadhi ambayo si rahisi kuiacha, hasa kwa mtu aliyezaliwa katikati na kupewa mabaki. Ukimwambia mtu wa namna hiyo asamehe, anasikia kwamba unamtaka avue nguo pekee aliyonayo.

Mwili nao hulipa. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo cha Hope, katika jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha utafiti ambao ndani yake watu waliombwa kumfikiria mtu aliyewakosea, mara wakiyarudia maumivu na kinyongo chao, mara wakijaribu kumhurumia na kumsamehe. Walipokuwa katika kinyongo mapigo ya moyo yalikwenda mbio zaidi, shinikizo la damu likapanda, jasho likaongezeka mwilini, na walipogeukia msamaha vipimo hivyo vikashuka. Hao walikuwa wakifikiri tu, kwa muda mfupi, wakiwa wameketi. Mjomba alifikiri kwa miaka. Alikuja kulazwa kwa presha, na daktari alipomuuliza kama ana jambo linalomsumbua, alijibu kwamba hana.

Moto wa moyoni pia haukai moyoni siku zote. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na dalili iliyotumika dhidi ya wengi wao ni macho mekundu. Macho hayo ni mekundu kwa sababu wamepika maisha yao yote kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, wakiwalisha watoto na wajukuu. Ukifuatilia kesi kama hizo, mara nyingi utakuta nyuma yake kuna mtoto aliyekufa na uchungu uliokosa wa kubebeshwa, au kuna shamba ambalo mtu analitamani na mjane amelikalia. Uchungu, hofu na tamaa vilikaa kwanza kifuani mwa mtu, vikanong'onwa, vikathibitishwa na mpiga ramli, kisha vikatafuta mkono wa kukodi. Watu husema Jehanamu ya moyoni ni lugha ya washairi tu. Yule bibi aliyekatwa akiwa ameketi kando ya mafiga yake alikutana na Jehanamu ya mtu mwingine, nayo ilikuwa na makali ya panga.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwamba kuiweka Jehanamu moyoni ni kuipunguza. Mimi ninaona ni kinyume chake. Jehanamu ya mbali inamwachia mtu muda wa kuahirisha. Hii inamdai leo. Vivyo hivyo kwa mbingu. Katika Kurani, sura ya 15, aya ya 47, watu wa Peponi wanaelezwa kwamba chuki iliyokuwamo vifuani mwao itaondolewa, na watakuwa ndugu, wakiwa juu ya viti wameelekeana. Mito na bustani vimetajwa pia, lakini hapa starehe yenyewe ni kuweza kumtazama ndugu yako usoni bila kitu chochote kifuani. Katika hadithi inayopokelewa kutoka kwa Anas bin Malik, Mtume aliwaambia masahaba kwamba ataingia mtu katika watu wa Peponi, na akaingia mtu wa kawaida kabisa, ndevu zikidondosha maji ya udhu, viatu vyake mkononi. Abdallah bin Amr akaenda kulala kwake siku tatu ili aone ibada yake ya siri, asikute jambo la ajabu. Alipomuuliza, mtu yule alimwambia kwamba hana hila wala husuda moyoni mwake dhidi ya Mwislamu yeyote kwa kheri aliyopewa na Mungu. Huyo alikuwa akitembea Madina, kwa miguu yake, akiwa tayari ni wa Peponi.

Mjomba wangu alitolewa hospitalini akiwa amepungua sana. Majuma machache baadaye kitinda mimba alivuka mpaka pamoja na wazee wawili wa ukoo, mkononi ameshika jani la sale. Kwa wasioijua mila yetu: sale lilelile tunalolipanda kuwa mpaka wa shamba ndilo linalobebwa na mkosaji anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa sale hakatai. Kukataa ni jambo zito ambalo ukoo mzima unaliogopa. Kitinda mimba alisimama uwanjani akasema mbele ya mashahidi kwamba ni kweli, masale yalisogezwa, hatua mbili, na kwamba ni yeye aliyeyasogeza usiku baada ya mazishi ya baba yao. Mama yangu alikuwapo. Anasema mjomba alilipokea jani, akaliweka mezani, na hakutamka neno lolote.

Nimeyatafakari sana yale yaliyofuata, kwa kuwa hayakufanana na ushuhuda unaosimuliwa kanisani. Jani halikuuosha moyo wake. Siku ya pili alikuwa na uso uleule, na mkewe anasema aliendelea kuamka usiku. Mila ilikuwa imeushika mkono wake tu. Lakini mkono uliopokea ulikuwa umeufungulia moyo njia, na moyo ukaanza kuifuata taratibu, kwa mwendo wa mgonjwa. Kwanza aliacha kuuliza habari za maziwa ya jirani. Baadaye alimtuma mjukuu kupeleka mkungu wa mchare ng'ambo ya masale, bila ujumbe wowote. Kisha alipogoa mibuni yake, kazi ambayo ilikuwa imelala kwa misimu kadhaa. Kabla ya Krismasi alizing'oa zile mbao dirishani. Nilifika nyumbani nikamkuta amekaa chumbani kwake, nuru imeingia, na ng'ambo mdogo wake anaanika kahawa, nao wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu bei ya chama cha msingi. Ule ubishi ulikuwa na raha ambayo siwezi kuisahau.

Kitinda mimba naye alibadilika, na watu humsahau. Nadhani Jehanamu yake ilikuwa ya kimya zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na shamba, nyumba na heshima, na kila alipopita kwenye masale yale alipita mbele ya shahidi.

Lazima niseme jambo lingine, kwa kuwa fundisho hili hutumiwa vibaya. Kuna wahubiri, na kuna waume, na kuna waajiri, wanaowaambia watu wanaoonewa kwamba pepo iko moyoni mwao, basi watulie. Mwanamke anayepigwa anaambiwa asamehe na arudi. Kibarua asiyelipwa anaambiwa asiwe na uchungu. Huko ni kulitumia jina la mbingu kuwalinda walio kuzimu. Kumwondoa nyoka wa chuki kifuani ni jambo moja, na kurudi kwa mtu anayekudhuru ni jambo lingine kabisa. Mtu anaweza kumsamehe aliyempiga akiwa ameketi kwa dada yake, akiwa amefunga mlango, akiwa ameshafungua shauri polisi. Anayetakiwa kubeba sale ni mkosaji. Mila yetu ililielewa hilo vizuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia, kwa maana haimtumi aliyeibiwa ardhi kwenda kuomba amani kwa aliyeiiba, na sale la kitinda mimba lilikuwa pamoja na kukiri na kurudisha zile hatua mbili. Wazee waliyang'oa masale na kuyapanda upya siku ileile.

Ninaposema haya ninamfikiria mama. Katika mgawanyo wote wa babu, watoto wa kiume waligombania mpaka, na binti hakuulizwa hata kama anataka kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini kwenye vihamba vyetu mila bado ndiyo inayozungumza kwanza, na mila haikuwa na fungu lake. Miaka yote ya ugomvi yeye ndiye aliyepita pande zote mbili akibeba vyakula, na nilimwona akiwa na uso uliotulia ambao kaka zake wawili waliogombana hawakuwa nao. Kwa muda mrefu watu waliusifu utulivu huo kana kwamba maana yake ni kwamba ameridhika kukosa.

Siku ya kupanda upya masale, wazee walipouliza kama kuna mwenye neno, mama alisimama akasema kwamba yeye pia ni mtoto wa marehemu, na kwamba anaomba kipande cha juu, karibu na mfongo, ambako alilima na mama yake tangu akiwa msichana. Palitokea kelele. Mmoja wa wazee alimwambia kwamba anaharibu siku ya upatanisho. Mama alimjibu kwa heshima zote kwamba upatanisho unaomwacha mtu mmoja nje bado haujakamilika, kisha akarudia ombi lake, akitaja mipaka ya kipande hicho mgomba kwa mgomba. Hakulia wala hakumtukana mtu, na hakurudi nyuma hata hatua moja. Jioni alipakua chakula, akawapa wale kaka zake wawili na yule mzee aliyemkaripia.

Shauri la kipande hicho bado liko kwenye kikao cha ukoo. Mjomba wa katikati sasa anamuunga mkono, kitinda mimba anasita, na mama analiulizia kila Desemba kwa sauti ileile, wakiwa wote mezani.